Kengele Iliyobaki Usa River

Wiki iliyopita waliniletea baiskeli ya baba. Iliteremshwa kutoka kwenye pikapu hapa getini kwangu, Njiro, ikiwa imefungwa kwa kamba ya katani, na kabla sijamshukuru dereva ile harufu ilikuwa imeshanifika: mafuta ya taa, grisi ya zamani, na chuma kilicholala muda mrefu jirani na kuku. Nilishika ukuta. Mwanangu akadhani nimepata kizunguzungu, akanikimbilia na kiti.

Tangu tumzike baba sijakanyaga Usa River kwa Baba Mkubwa, kaka yake. Sababu ninayowapa watu ni kazi. Sababu yenyewe ni kwamba Baba Mkubwa ana sauti ya baba, ile ile, mpaka namna anavyokohoa kidogo kabla ya kuanza kusema, na mimi sijapata ujasiri wa kuisikia ikitoka kwenye kinywa kingine. Mzee hajalalamika. Amenitumia baiskeli tu.

Mwanangu aliizunguka mara mbili, akaminya matairi, akapitisha kidole kwenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. "Mama, hii ni ya resi kabisa," akasema. "Ila haina kengele. Nikutafutie moja mjini?"

Nikamwambia aache kwanza. Kuna mambo mtu hawezi kuyaeleza akiwa amesimama getini.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Daraja Mbili, vyumba viwili na ua mdogo wenye bomba la maji ambalo nusu ya mtaa walilitegemea. Baba alikuwa fundi saa. Alikuwa na meza yake barazani kwenye duka moja karibu na soko, na kisanduku cha kioo kilichojaa saa za watu waliokwisha kusahau kuzifuata. Alikuwa mtu wa vitu vidogo. Bisibisi zake ungedhani ni sindano, na hata ugali aliumega kwa kipimo. Hasira yake nayo ilikuwa ya kifundi saa: haikupiga kelele, ilitembea tu polepole bila kusimama.

Hasira hiyo ilikuwa juu ya kaka yake. Siku walipomzika babu, kule nyumbani Kilimanjaro, Baba Mkubwa alisimama mbele ya waombolezaji akasema wako watoto wanaotengeneza saa za watu baki, lakini hawakupata hata saa moja ya kumuuguza baba yao. Kila mtu alijua anasemwa nani. Baba aliondoka kabla ya chakula, na tangu siku hiyo hakurudi tena nyumbani, wala hakufika kwa Baba Mkubwa ambaye alikuwa na shamba la migomba Usa River, mahali unapoweza kwenda na kurudi bila jua kutua. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja: Desemba ikifika, Wachaga wote wa mtaa wetu wanafunga mizigo wanakwenda nyumbani, na sisi tunabaki. Nilibaki kucheza na mbwa wa jirani. Kila Jumapili kanisani nilimwomba Mungu, tena kwa bidii, na sisi atupatie pa kwenda.

Baiskeli ililetwa kipindi cha masika. Mama alikuwa amekwenda mashineni kusaga, mimi niko peke yangu uani, pikapu la ndizi likasimama nje na kijana mmoja akaingia ameibeba begani.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Baba yupo?"

"Yuko kazini."

"Basi akirudi mwambie imetoka kwa kaka yake. Aipokee kama ilivyo. Umesikia? Kama ilivyo."

Nilikuwa sijawahi kuona baiskeli nyembamba kiasi kile. Ilikuwa na kutu mpaka kwenye spoki, haina cheni, matairi yamekauka na kupasuka. Na kwenye usukani ilikuwa imefungwa ncha ya mmea fulani, majani marefu ya kijani yanayong'aa, yamezungushiwa kamba ya mgomba kwa uangalifu mkubwa.

Mchaga yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Lile lilikuwa isale. Ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayalitoshi, unampelekea isale, na likishamfikia hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Akikaa kimya maana yake amekukata kabisa. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Daraja Mbili, sijapelekwa nyumbani tangu nipate akili, na majani kwenye chombo cha usafiri niliyajua kwa kazi moja tu. Lori likikwama barabarani, utingo hukata matawi akayapanga nyuma yake ili wanaokuja wajue kuna gari bovu. Kwa hiyo nilipoona majani kwenye usukani nilielewa mara moja. Wamemtangazia baba kwamba baiskeli yake ni mbovu, tena wameipitisha hivyo njia nzima, watu wakiona. Nikaona aibu kwa niaba yake.

Sikutaka aingie uani akute tangazo. Nilifungua ile kamba ya mgomba, nikayatoa majani, nikaisugua baiskeli kwa majivu na maji ya bomba mpaka vidole vikauma. Ile ncha ya mmea ilikuwa nzuri, sikuona haja ya kuitupa. Niliichomeka kwenye tope nyuma ya bomba, nikajifanya nina shamba, nikalisahau shamba langu kabla ya chakula cha jioni.

Baba aliporudi alisimama mlangoni kwa muda mrefu na mfuko wake wa kazi mkononi.

"Aliyeileta alisemaje?"

"Kwamba imetoka kwa kaka yako. Uipokee kama ilivyo."

"Hakuna barua?"

"Hakuna."

Sikusema uongo. Jani si barua. Baba akachuchumaa, akatoa ile lenzi nyeusi ambayo mafundi saa huibana jichoni, akautazama usukani pale ambapo kengele hukaa.

"Kengele ameing'oa," akasema.

"Labda ilianguka njiani," mama akajaribu.

"Haikuanguka. Hapa imefunguliwa kwa bisibisi, na taratibu. Alama yake ni mpya." Akaitoa lenzi jichoni. "Hii tulinunua pamoja tukiwa vijana, mimi na yeye. Wiki yangu, wiki yake. Leo ananirudishia mabaki, na kengele amebaki nayo. Anataka kuniambia tumemalizana."

Mama akasema Mungu anajua. Baba akasema na yeye anajua: ataitengeneza mpaka ing'ae kuliko siku waliyoinunua, halafu amrudishie mwenyewe, ajue kwamba yeye si mtu wa kutupiwa vyuma.

Hivyo ndivyo ilivyoanza miezi mizuri kuliko yote ya utoto wangu, na iliendeshwa kwa hasira. Kila akitoka kazini, kabla giza halijaingia, na kila Jumapili baada ya ibada, baba aligeuza baiskeli miguu juu pale uani, mimi nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa kumpokeza vifaa. Alifungua kila kitu kinachofunguka. Goroli alizimwaga kwenye bakuli la mafuta ya taa, akazikagua moja moja kwa lenzi, zilizo na kovu akazitenga. Mama alisema watu wanatengeneza baiskeli kwa nyundo siku moja, huyu wake anaipima mapigo ya moyo. Msasa ulikuwa kazi yangu. Nilisugua fremu mpaka nikaikuta rangi nyekundu ya zamani chini ya kutu, nikapiga kelele kama niliyeokota hela.

Vilivyokosekana vilitafutwa kwenye mitumba, taratibu, kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao, kwa sababu mshahara wa saa za watu haukuwa mkubwa. Raba za breki hazikupatikana kabisa. Baba akamwendea fundi wa katambuga, zile ndala za matairi wanazovaa Wamasai, naye akamkatia vipande vinne kutoka tairi la lori, vimenyooka vizuri. Tulipozijaribu uani zilishika sawasawa. Baba akafurahi, akaniambia kwamba sasa tuna breki za kimasai.

Jambo ambalo hakulitegemea ni kwamba mikono ikishika kitu cha zamani, mdomo nao unafunguka. Mwanzoni alifanya kazi kimya. Kufikia Julai, wakati wa ile baridi yetu ya mlima Meru kujifunika mawingu wiki nzima, alikuwa ananisimulia. Hapa kwenye fremu paliungwa siku Baba Mkubwa alipoanguka na debe la maziwa. Kiti hiki alikishona Baba Mkubwa. Kaka yake alikuwa akimwambia, wewe endesha mlima, mimi nitakimbia kando. "Na alikimbia kweli," baba akasema, akaendelea kukaza spoki. Kengele mpya alikataa kununua. Alisema ile ya mwanzo ilikuwa na sauti yake, na hawezi kuweka nyingine juu ya nafasi ya ile.

Nyuma ya bomba, shamba langu lilikuwa limeota. Masale ni mmea usiojua kukataa. Uchomeke kichwa chini, utaota tu. Likatoa jani, na jingine, likanifika magotini. Nililiona kila siku nikichota maji, wala sikulifikiria.

Shangazi alikuja Novemba mwishoni. Huyu alikuwa dada yao mdogo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na hata chai alikataa.

"Kaka," akamwambia baba, "nimekuja kukuuliza. Tangu lini Mchaga akakataa isale?"

"Isale lipi?"

"Usinifanye mtoto. Kaka yetu alikutumia isale kwenye baiskeli tangu masika. Alilifunga mwenyewe. Miezi minane kila gari likipunguza mwendo barabarani anatoka nje. Sasa ameacha kutoka. Amesema basi, umemzika akiwa hai."

"Mimi nililetewa chuma bila kengele!" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia baba akipaza sauti. "Isale sikuliona!"

"Lilifungwa kwenye usukani! Kwa kamba ya mgomba!"

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nililiweka chini. Nikasema, "Ni mimi." Hawakunisikia. Nikasema tena, kwa sauti, huku nalia, kwamba ni mimi niliyeyatoa yale majani, nilidhani ni ya gari bovu, na kwamba nimeyapanda pale nyuma ya bomba.

Baba aliinuka. Nilijua napigwa, na nilijua nastahili. Akanipita. Akaenda mpaka kwenye bomba, akachuchumaa mbele ya ule mmea, akaligusa jani moja la chini, lile lililozeeka.

"Mimi nilidhani umelipanda wewe," akamwambia mama bila kugeuka. "Nikasema, amekumbuka kwao, nisimguse."

"Na mimi nilidhani ni wewe," mama akasema. "Nikasema moyo wake umeanza kulainika, ngoja ninyamaze nisiuharibu."

Shangazi akakaa chini, na chai akainywa.

Siku ile sikupigwa. Ingekuwa nafuu. Baba alikaa pale bombani mpaka kukaanza kuwa na ubaridi, halafu akaniita, akaniambia nimwangalie. "Kaka yangu alikosa akaomba. Mimi nimekaa kimya miezi minane. Kwa hiyo sasa mwenye kosa ni mimi." Nikamwambia hapana, ni mimi. Akafikiri kidogo, kama anavyofikiri mbele ya saa iliyosimama. "Basi tutakwenda wote wawili. Wewe uliliondoa, wewe utalishika."

Jumamosi asubuhi alikata ncha ya lile isale kwa wembe, akaacha shina lichipue. Mama alikunja kanga akaifunga kwenye bomba la juu la baiskeli, mimi nikapandishwa hapo, miguu upande mmoja, isale mikononi. Sidhani kama kuna mtu amewahi kubeba kitu kwa hofu kama ile. Tulipita mjini watu wakitutazama, tukashika barabara ya Moshi. Baba hakuwa ameendesha baiskeli miaka mingi, lakini baada ya mteremko wa kwanza miguu ikakumbuka, na cheni ikawa inaimba chini yetu, laini, kila goroli mahali pake. Kidevu chake kilikuwa juu ya kichwa changu. Nilisikia moyo wake mgongoni kwangu, ukienda kasi kuliko saa yoyote aliyowahi kuitengeneza, na hapo ndipo nilipojua kwamba baba naye anaogopa.

Tengeru tukakuta manyunyu. Hayakuwa mvua, ni ule unyevu wa mlimani unaolowesha bila kuangusha tone. Hatukuujali. Tulipita Makumira, tukafika Usa River, tukaacha lami, tukaingia njia ya udongo inayoshuka moja kwa moja hadi getini kwa Baba Mkubwa.

Kuna jambo ambalo fundi saa hakulifikiria, wala fundi katambuga. Raba ya tairi la lori, ikilowa juu ya ringi ya chuma iliyosuguliwa ikang'aa, haishiki chochote.

Baba alikamata breki. Baiskeli ikaongeza mwendo. Akazikamata kwa nguvu zote, nikasikia mlio mwembamba, na migomba ikaanza kupita kasi. Mbele, kwenye ua, mzee mmoja mrefu mwenye panga alikuwa anapogolea migomba. Akainua uso. Nilimwona akiijua kwanza baiskeli, halafu akimjua aliyeiendesha, na panga likamponyoka.

"Breki!" akapiga kelele. "Breki, wewe!"

"Hazishiki!" baba akajibu.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyoambiana tangu babu azikwe. Tulipita geti, tukampita Baba Mkubwa mwenyewe, tukaingia moja kwa moja kwenye ua wa mimea unaozunguka nyumba yake, baba, mimi, na kazi yote ya miezi minane.

Ulikuwa ua wa masale. Mnene, umepandwa zamani, ukatupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Nilitoka na mikwaruzo miwili. Isale langu nilikuwa bado nimelishika, nilikuwa nimeambiwa nilishike. Baba Mkubwa akaja mbio, akanitoa kwanza mimi, akanisimamisha, na mimi nikafanya nilichofundishwa: nikasema shikamoo Baba Mkubwa, nikampa isale kwa mikono miwili, nikaanza kumweleza habari ya lori bovu na utingo. Sikufika mbali. Alikuwa anamtazama ndugu yake, aliyekaa chini katikati ya majani na usukani mapajani.

Akakohoa kidogo, kama baba anavyokohoa.

"Mimi nilikutumia isale moja," akasema. "Wewe umenijia na ua mzima."

Baba akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akawa analia, na Baba Mkubwa akaketi palepale kwenye udongo mbichi kando yake. Wakaanza kusema Kichaga, haraka haraka, wakipokezana. Sikuelewa hata neno, lakini niliwaona wamekamatana mabega kama watoto, na nilijua mwaka huo Desemba tunakwenda nyumbani.

Baadaye walipoisimamisha baiskeli na kuikagua, Baba Mkubwa akaingia ndani akarudi na kitu kilichofungwa kwenye leso. Ilikuwa kengele. Ilikuwa imesuguliwa mpaka unajiona.

"Nilidhani uliing'oa kwa dharau," baba akasema.

"Niliing'oa ili uje uidai. Ningekutumia baiskeli nzima, ungekuja huku kufanya nini?"

Baba akatoa bisibisi yake ya saa mfukoni, ikawa ndogo mno kwa ile skrubu. Wakatumia ncha ya kisu, vichwa viwili vyenye mvi vimeinama juu ya kengele moja, kila mmoja akimwambia mwenzake anakosea. Walipomaliza waliniambia niipige mimi.

Kuanzia hapo baiskeli ilirudia desturi yake ya ujana. Nusu mwaka Daraja Mbili, nusu mwaka Usa River, na kila anayeituma anabaki na kengele, ili mwenzake awe na sababu ya kuifuata. Sikumbuki hata mara moja kengele ikikaa zaidi ya wiki mbili bila kufuatwa. Shina la bombani lilichipua likawa ua. Juzi juzi, tulipomzika baba, Baba Mkubwa ndiye aliyekata ncha zake na kuzipanda kaburini, kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa.

Sasa baiskeli imekuja kwangu, na zamu ya baba imekuwa yangu. Leo asubuhi nimeuchunguza usukani, nikaikuta alama: imefunguliwa kwa bisibisi, taratibu. Mwanangu akaniuliza tena kama anitafutie kengele nyingine mjini. Nimemwambia asihangaike, ajiandae tu Jumamosi, kwa sababu kengele yetu iko Usa River na kuna mzee anatoka nje kila gari likipunguza mwendo.